Gari lisilo na dereva hujuaje mahali lilipo? Jibu kwa baharia aliyefika Hamburg

Swali. Msomaji wetu, baharia wa Mombasa, anaandika: «Meli yetu ilipofunga gati Altenwerder, Hamburg, nilikaa sitahani karibu saa nzima nikitazama magari yanayobeba makontena bila dereva. Chini sikuona reli wala mstari uliochorwa. Fundi mmoja aliyepanda melini aliniambia kwamba ardhini mmezikwa vijiti vidogo visivyo na betri, na kwamba hivyo ndivyo vinavyoliongoza gari. Kijiti kisicho na betri kitawezaje kuliambia gari la tani nyingi mahali lilipo? Na kikifa kimoja itakuwaje? Tena, kwa nini wasitumie setilaiti kama inavyofanya simu yangu?»

Jibu.

Ndugu yangu, fundi aliyekujibu hakukosea, ila alilifupisha jambo mpaka likapinda kidogo. Kijiti hicho, ambacho watu wa kazi hii hukiita transponda, hakiliongozi gari, wala chenyewe hakijui kimezikwa wapi. Kinachokijua ni kitu kimoja tu, nacho ni namba yake. Gari ndilo linalokadiria mahali lilipo, wakati wote, kwa hesabu zake lenyewe, na transponda hulisahihisha mara moja moja. Wewe uliye baharia utalielewa jambo hili upesi kuliko mtu wa bara, kwa sababu ndivyo manahodha walivyosafiri kabla ya setilaiti: ukijua ulipoondoka, dira inasomaje, mwendo ni noti ngapi na saa ngapi zimepita, unatia alama kwenye ramani ukasema «tuko hapa», nawe unajua moyoni kwamba mkondo na upepo vimekusukuma kwa kiasi usichokiona, kisha mnara wa taa unajitokeza, unautambua kwa mimweko yake, unaupima kwa dira, na ile alama unaisogeza mahali pake. Transponda ni mnara wa taa wa namna hiyo, isipokuwa umezikwa ardhini na huonekana pale tu gari linapopita juu yake.

Uliyoyatazama si magari madogo. Kituo cha Altenwerder kilifunguliwa mwaka 2002, miaka tisa baada ya Rotterdam kuanza kutumia magari yasiyo na dereva katika kituo chake cha Delta, na kila gari lina urefu wa karibu mita 15 na upana wa mita 3, likichukua kontena moja la futi 40 au mawili ya futi 20. Katika njia iliyonyooka linaweza kufikia mita 6 kwa sekunde, yaani kilomita zipatazo 22 kwa saa, na pamoja na mwendo huo linatakiwa lisimame chini ya kreni likiwa limekosea sentimita chache tu, la sivyo kreni itashindwa kulitua kontena juu yake. Tafadhali likumbuke hitaji hili la sentimita, kwa kuwa ndilo litakalotujibia swali la setilaiti huko mbele.

Sasa tukifungue kijiti chenyewe. Aina inayotumika sana ni bomba jembamba la kioo lenye urefu wa milimita 32 na unene unaokaribia milimita 4, ambalo ndani yake mna kipande cha feraiti, yaani kauri yenye oksidi ya chuma, kilichozungushiwa waya mwembamba, kapasita moja, na chembe ya silikoni yenye kumbukumbu. Ukipenda kukiona kitu cha ukoo huo bila kufika Ujerumani, mwulize daktari wa mifugo: kinachochomekwa chini ya ngozi ya mbwa, au kumezeshwa ng'ombe ili atambulikane, ni kifaa cha jamii hiyohiyo, na masafa yake mara nyingi ni yale yale ya kilohezi 134.2. Waya na kapasita kwa pamoja hufanya sakiti yenye mlio wake, mfano wa ngoma iliyowambwa ikaitikia sauti moja na kuziachia nyingine zipite. Antena iliyofungwa chini ya tumbo la gari hutoa uga wa sumaku unaopanda na kushuka mara 134,200 kwa sekunde. Waya wa transponda, kwa kuwa umewambwa kwa mlio huohuo, huzaa volteji inayotosha kuiamsha ile chembe, nayo ikiamka huitaja namba yake. Betri haihitajiki kwa sababu gari linakuja na umeme wake, linaukopesha, na linalipwa kwa namba.

Huu si utangazaji wa redio, ingawa wengi huuelezea hivyo. Wimbi la masafa haya lina urefu wa zaidi ya kilomita mbili, ilhali antena imetenganishwa na ardhi kwa sentimita chache, kwa hiyo kinachofanyika ni kuambukizana kwa sumaku kati ya koili mbili, yaani nyaya zilizozungushwa, zilizokaribiana, kama ndani ya transfoma. Faida ya hali hiyo ni kubwa kwa watu wa bandari, kwa maana sumaku ya masafa ya chini haijali maji, theluji, matope, mafuta yaliyomwagika wala chumvi ya bahari. Hupenya zege na lami kana kwamba hazipo. Gharama yake ni kwamba nguvu ya uga hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki na thuluni moja ya nguvu. Kwa hiyo antena lazima iwe chini, na transponda haiwezi kusomwa kutoka pembeni au kutoka mbali. Mtu angedhani huo ni upungufu, lakini ukomo huo wa umbali ndio unaoifanya namba iwe na maana ya mahali. Mnara unaoonekana kutoka maili ishirini hukuambia kidogo kuhusu sentimita.

Lakini hata hivyo, kusikia namba hakutoshi. Antena yenye upana wa, tuseme, sentimita 60 ikisikia namba 7041, imejua tu kwamba transponda ya 7041 iko mahali fulani chini yake, na «mahali fulani» ndani ya sentimita 60 si jibu kwa kreni inayosubiri. Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe, na ndipo maelezo mengi niliyoyasoma hupita haraka mno, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Transponda huzikwa ikiwa imesimama wima. Sababu yake ni kwamba uga unaotoka kwenye koili iliyosimama hutawanyika sawasawa pande zote, kama maji ya chemchemi yanayoruka juu na kuangukia kila upande. Antena ya gari haina koili moja. Mojawapo ya koili zake imelala bapa, nayo huhisi ule uga unaopanda moja kwa moja. Sauti yake huwa kubwa kuliko zote antena inapokuwa juu kabisa ya kijiti. Ukiitegemea hiyo pekee utapata tabu, kwa sababu kilele chake kina mgongo mpana, mfano wa kilima kisicho na ncha, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni hatua ipi iliyo ya juu zaidi. Ndiyo maana huwekwa koili nyingine iliyopangwa ili ihisi uga unaoelekea mbele na nyuma. Gari linapokaribia, uga huo unaiendea koili kutoka upande mmoja. Linapokwisha kupita, unaiendea kutoka upande wa pili. Na katikati, pale pale juu ya kijiti, haupo kabisa. Kwa hiyo ishara ya koili hii hushuka kutoka chanya, hukata sifuri, na kuingia hasi, na mkato huo wa sifuri ni mkali, hauna mgongo wala shaka. Hiyo ndiyo nukta ya kupita. Koili ya tatu hufanya vivyo hivyo kwa upande wa kushoto na kulia, ila kwa kuwa gari haliendi upande, haingoji sifuri. Ishara yake hugawanywa kwa ishara ya koili iliyolala bapa, na uwiano unaopatikana husema kijiti kimepitwa sentimita ngapi kushoto au kulia kwa mstari wa kati wa antena. Kugawanya huko kuna hekima yake, kwani hata kijiti kikiwa kimezikwa chini kidogo kuliko kawaida, sauti zote mbili hufifia pamoja na uwiano haupotei sana.

Tuchukue mfano wenye namba nilizozitunga mwenyewe ili hesabu iwe rahisi. Gari linaelekea mashariki. Kwa makadirio yake, wakati ule wa kukata sifuri antena yake ya mbele ilikuwa kwenye X 412.56 na Y 88.20, kwa mita, zikihesabiwa kutoka kona moja ya uwanja. Namba iliyosikika ni 7041. Ndani ya kompyuta mna jedwali, nalo linasema kwamba 7041 imezikwa kwenye X 412.50 na Y 88.25. Antena inaripoti kwamba kijiti kilipitwa kikiwa sentimita 3 kushoto, yaani kaskazini. Basi ukweli ni kwamba antena ilikuwa kwenye X 412.50 na Y 88.22, na gari lilikuwa limejidhania liko sentimita 6 mbele na sentimita 2 kusini kuliko lilivyokuwa.

Kwa nini lijione mbele? Gari hupima umbali kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu kwa kifaa kiitwacho enkoda, kisha kuizidisha kwa mzingo wa gurudumu uliomo kwenye kumbukumbu. Tairi ikiisha, au ikinywea kwa uzito wa kontena lililojaa, mzingo wake halisi hupungua. Gurudumu huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na kompyuta isiyojua habari hiyo hudhani imekwenda mbali zaidi. Kama transponda iliyotangulia ilikuwa mita 10 nyuma, kosa la sentimita 6 ni sehemu 6 kwa 1,000, na katika tairi yenye kipenyo cha mita moja na nusu hiyo ni milimita 9 tu. Kosa la upande huja kwa njia nyingine: gari likidhani linaelekea mashariki kamili kumbe limepinda digrii moja, baada ya mita 10 litakuwa limetoka kando kwa sentimita 17 na ushei. Mwelekeo hupatikana kwa pembe za magurudumu ya usukani na, katika mitambo mingi, kwa jairoskopu, kifaa kinachohisi kugeuka kwa gari, nayo hupotoka polepole hata gari likiwa limesimama. Ule mkondo wa baharini unaokusukuma usiku bila wewe kuuona, hapa nchi kavu ndio huu.

Usidhani kwamba gari likishapata jibu la transponda hulikubali lote na kuyatupa makadirio yake. Likifanya hivyo litakuwa linarukaruka kila penye kijiti, na usukani utatetemeka. Kinachotumika ni hesabu iliyochapishwa na Rudolf Kalman mwaka 1960, ambayo huviweka vitu viwili kwenye mizani: ninayaamini makadirio yangu kwa kiasi gani, na ninakiamini kipimo hiki kwa kiasi gani. Likitoka tu kusahihishwa, gari hujiamini sana na kipimo kipya hulisogeza kidogo. Likiwa limekwenda mita nyingi bila kukutana na transponda, shaka yake imekua, nalo hukubali kusogezwa zaidi. Katika mfano wetu huenda likarudi sentimita 4 kati ya zile 6. Na likiona kwamba kila mara linajikuta limejitangulia kwa kiasi kilekile, hesabu hiyohiyo huliwezesha kuupunguza mzingo wa gurudumu katika kumbukumbu yake bila fundi kuinama na futi.

Liko jambo ambalo nisingetaka ulikose, kwa sababu ndilo linalowasumbua wahandisi wapya kuliko sumaku na jedwali pamoja. Nalo ni wakati. Gari linalokwenda mita 6 kwa sekunde hutembea sentimita 6 kwa kila milisekunde 10. Ikiwa antena ilikata sifuri sasa, lakini ujumbe wake ukaifikia kompyuta baada ya milisekunde 20, na kompyuta ikaulinganisha na makadirio ya sasa hivi badala ya yale ya milisekunde 20 zilizopita, tayari yameingia makosa ya sentimita 12 ambayo hayana uhusiano wowote na tairi. Ndiyo sababu antena nzuri hutoa vitu viwili tofauti: mpigo mfupi wa umeme wakati uleule wa kupita katikati, usiosema lolote isipokuwa «sasa», na baadaye kidogo ujumbe wenye namba na kiasi cha kupotoka. Kompyuta huandika saa ya ule mpigo, hungoja ujumbe, kisha hurudi nyuma katika daftari lake la mwendo kutafuta ilijidhania iko wapi wakati ule.

Suala la wakati huchagua hata aina ya transponda. Ziko zinazofanya kazi kwa zamu: antena hulisha umeme kwa milisekunde zipatazo 50, hunyamaza, na kijiti hujibu kwa milisekunde zipatazo 20. Jumla ni milisekunde 70, na kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde gari limeshasogea sentimita 42, kwa hiyo usomaji mmoja ukiharibika hakuna nafasi ya kujaribu tena. Aina hiyo inafaa kwa vigari vya ghalani vinavyokwenda mwendo wa mtu. Kwa magari ya kasi hupendelewa zile zinazojibu huku zikilishwa. Baadhi yake hulishwa kwa kilohezi 128 na kujibu kwa nusu ya hapo, kilohezi 64, ili sauti ndogo ya kijiti isimezwe na sauti kubwa ya antena.

Niliwahi kuitwa kwenye ghala moja ambako vigari vilikuwa vikisimama vibaya mbele ya rafu. Wenyewe walikuwa wameshaamua kwamba transponda zimezikwa ovyo na walitaka kuzichimbua zote. Nilichofanya ni kuchukua kigari kimoja na kukipitisha juu ya transponda ileile mara nyingi, kwenda na kurudi, polepole na kwa kasi, nikaandika kosa la kila mara. Kosa lililotokana na upimaji wa sakafu hubaki upande uleule wa ramani bila kujali kigari kinatoka wapi, na kila kigari hulikuta. Kosa la antena iliyofungwa mahali tofauti na panaposemwa kwenye mchoro hugeuka pamoja na kigari, lakini halijali kasi. Kosa la wakati hugeuka pamoja na kigari na tena hukua kadiri kasi inavyokua. La kwao lilikuwa sifuri kigari kikitambaa, na sentimita 3 kikienda mita moja na nusu kwa sekunde. Gawanya, unapata milisekunde 20. Mtu fulani alibadilisha programu ya mawasiliano na kusahau kuirudisha saa nyuma. Sakafu haikuchimbuliwa hata shimo moja.

Tumezungumza mahali, lakini gari lenye urefu wa mita 15 lazima lijue pia linaelekea wapi, na transponda moja, hata ikisomwa vizuri namna gani, haiwezi kulisema hilo. Kuipita ni sawa na kuona boya moja usiku bila dira: unajua liko hapa, hujui umeligeuzia omo, yaani mbele ya chombo, au ubavu. Kwa hiyo magari marefu kwa kawaida hufungwa antena mbili, moja omo na moja tezi, yaani nyuma. Kila moja ikikutana na transponda yake hupata nukta yake, na mstari unaoziunga nukta mbili ndio mwelekeo wa gari. Kadiri antena zinavyoachana ndivyo mwelekeo unavyokuwa sahihi zaidi: zikiwa mita 10 kutoka moja hadi nyingine, na kila moja ikikosea sentimita 1, kosa la mwelekeo ni kama sehemu ya kumi ya digrii tu. Antena mbili zina manufaa mengine kwa magari ya bandarini, ambayo yana usukani mbele na nyuma na yanaweza kwenda kwa kurudi nyuma kwa kasi ileile. Kwao tezi hugeuka kuwa omo bila gari kupinda.

Kuzizika kwenyewe kunaonekana kazi ya kibarua, na pengine ndiyo maana huharibiwa mara kwa mara. Hutobolewa shimo jembamba kwa keekee, kijiti huingizwa kikiwa wima ndani ya kifuniko chake cha plastiki, na shimo huzibwa kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, ili maji yasiingie yakaganda na kulipasua. Adui mkubwa ni nondo. Chuma kilichomo ndani ya zege huzalisha mikondo yake ya umeme kinapokutana na uga wa sumaku, na mikondo hiyo huula uga, tena huupinda. Kijiti kilichogusana na nondo huenda kisisikike kabisa. Kilichoachana nayo kidogo husikika, lakini ile nukta ya kukata sifuri husogea, na hilo ni baya zaidi, kwa kuwa namba inakuja sahihi ikiwa na mahali pasipo sahihi. Sakafu ikiwa bado haijamwagwa, mhandisi mwenye busara huomba mchoro wa nondo kabla ya kuchagua mahali pa mashimo. Ikiwa imeshamwagwa, hutembezwa kifaa cha kutafutia chuma juu ya kila alama.

Baada ya kuzika huja mpimaji na darubini yake ya kupimia, naye hupima kila shimo lilipoishia, si lilipokusudiwa. Watu wengi hushangaa wakisikia kwamba si lazima transponda zikae kwenye mistari iliyonyooka. Shimo likihama sentimita 10 kwa sababu ya nondo, hakuna ubaya, mradi jedwali lijue. Ubaya ni jedwali kudanganywa. Katika kiwanda kimoja nilikofanya kazi zamani, fundi aliangusha boksi la vijiti ambavyo namba zake zilikuwa zimeshaandikwa dhidi ya mashimo, akaviokota na kuvirudisha kwa kukisia. Viwili vilibadilishana mahali. Kila kigari kilichofika penye kimojawapo kiligoma kama punda. Kilikuwa na haki ya kugoma: kilijua kwa hesabu yake kwamba hakijapita mita 30 tangu transponda iliyopita, na sasa kinaambiwa kimeruka hadi upande wa pili wa jengo. Programu nzuri huwa na lango la namna hii. Kipimo kinachotofautiana na makadirio kupita kiasi kinachoaminika hukataliwa, na kikikataliwa mara kadhaa gari husimama na kumwita mtu. Tangu siku ile nimeshika utaratibu wa kusoma namba baada ya kuzika, kamwe si kabla.

Hapo umeshaanza kuona jibu la swali lako la pili. Kijiti kimoja kikifa, kwa kawaida hakuna linalotokea ambalo wewe ungeliona kutoka sitahani. Gari linafika mahali lilipotarajia kukisikia, halisikii kitu, linaongeza shaka yake na kuendelea kwa makadirio hadi kinachofuata. Tofauti ni kwamba tukio hilo huandikwa, na kompyuta kuu ikiona magari mengi tofauti yameikosa transponda ileile, fundi hutumwa na keekee. Ikiona gari moja linazikosa transponda nyingi, ni antena ya gari hilo ndiyo mgonjwa. Vikifa viwili vitatu kwa mfululizo, shaka hupita mpaka uliowekwa na gari hujisimamisha lenyewe. Vyenyewe havifi ovyo, kwa sababu havina betri ya kuisha wala sehemu inayosugua; vingi huuawa na wanaokuja kuchimba mitaro ya nyaya.

Na setilaiti? Simu yako ikikuambia uko hapa, imeridhika kukosea mita kadhaa, na mita kadhaa pembeni mwa kreni ni kontena lililoangukia zege. Viko vipokezi bora vinavyofikia sentimita kwa kusaidiwa na kituo cha nchi kavu kilichopimwa, na hivyo hutumika katika mitambo mingine ya bandarini mahali penye anga wazi. Lakini fikiria pale gari lako linapofanyia kazi: chini ya kreni kubwa za chuma na kando ya ubavu wa meli ulio kama ghorofa. Ishara za setilaiti huzibwa, au huja zikiwa zimegonga chuma kwanza, na ishara iliyogonga chuma husema uongo kwa sauti ileile ya ukweli. Mwanga wa leza unaotafuta vioo vya kuakisi hufanya kazi vizuri ghalani, ila makontena yanayohama kila saa huvificha vioo hivyo, na ukungu wa mto Elbe nao una siku zake. Waya uliozikwa ardhini, ambao ulitumika tangu miaka ya 1950 huko Marekani, huliongoza gari vizuri sana, lakini hulifunga katika njia moja, na ukikatika mahali pamoja njia yote imekufa. Kwa transponda, njia ni mstari uliochorwa ndani ya kompyuta tu; ukitaka kuibadilisha, unabadilisha mchoro, na ardhi haiguswi. Sisemi kwamba ndizo bora kila mahali. Ghalani ambako rafu hazihami, mimi mwenyewe ningeanza na leza.

Nitaongeza moja ambalo hukuuliza. Makadirio yote haya yanategemea kwamba gari lilijua lilipoanzia. Likizimwa kwa matengenezo, likavutwa na gari jingine hadi karakana, likiwashwa halijui lolote: lina jedwali zima la transponda na halina mahali pa kuanzia. Hapo fundi hushika kidude cha kuliendeshea kwa mkono, akatembea kando yake, akilisukuma mbele kwa mwendo wa konokono. Antena ya omo inapata namba ya kwanza, na kwenye kioo cha kompyuta inatokea nukta bila mshale. Anaendelea mita chache, antena ya tezi inapata namba ya pili, mshale unatokea, anabonyeza swichi ya kulikabidhi kwa kompyuta kuu, na kutoka nje ya uzio kabla halijaondoka.